Meza Inayotazama Mlango

Ndugu msomaji, mimi ni kijana wa kidato cha nne, divisheni foo ya pointi 28, na sioni haya kulisema hilo. Kazi yangu ni kuchapa. Niko kwenye steshenari moja pale Ngara mjini, kibanda chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na kiti kimoja cha mteja. Nachapa barua za maombi ya kazi, risala za mahafali, mikataba ya kuuziana viwanja na kadi za michango ya harusi. Usiku naandika vya kwangu. Nina riwaya. Mpaka mwaka jana ilikuwa imefika sura ya saba, imejaza kaunta buku mbili, na shujaa wake alikuwa komandoo mmoja asiyeogopa kitu wala kukosa usingizi. Hilo la usingizi likumbuke, tutalirudia.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili mwaka jana, baba yangu mdogo alishuka kwenye Hiace akitokea Biharamulo, bahasha ya kaki kwapani, viatu vinang'aa kama kioo. Tangu astaafu jeshi hajaacha kung'arisha viatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una kazi nyingi?"

"Kidogo tu."

"Ziweke pembeni. Nataka kusoma udaktari."

Nikamtazama. Mtu ana miaka 52. Nikamwuliza kama ni udaktari wa kutibu watu.

"Ningejua kutibu ningeanza na wewe," akasema. "Udaktari wa falsafa. Shahada ya uzamivu, katika elimu ya dini. Nitafutie chuo kinachoweza kumpokea mtu kama mimi. Askari mstaafu."

Basi bwana, kasheshe ikaanzia hapo.

Nikueleze kidogo habari zake. Alimaliza kidato cha sita, akapita JKT, akaingia JWTZ mwaka 1994. Akiwa jeshini alijiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 ili watu wasome bila kuacha kazi zao. Shahada ya kwanza ilimchukua miaka minane, vitabu vikimfuata kambi hadi kambi. Alipostaafu akaongeza shahada ya uzamili ya elimu. Sasa anafundisha somo la Biblia katika sekondari moja huko Biharamulo. Mtaani wanamwita Afande, wanafunzi wanamwita Mwalimu, na bibi peke yake ndiye anayemwita kwa jina la ubatizo. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tano, na huyu ndiye aliyenilipia ada mpaka nikaipata hiyo divisheni foo.

Kwetu jambo la fedha halimalizwi na mtu mmoja. Kikao cha ukoo kikakaa nyumbani kwa bibi, upande wa Rulenge, tukala ndizi na maharage, halafu baba mdogo akaeleza nia yake. Shangazi hakungoja amalize.

"Utamaliza una miaka mingapi? Hamsini na saba? Halafu umfundishe nani, malaika?"

Watu wakacheka. Baba mkubwa akauliza habari za ng'ombe wawili walio kwenye zizi la ukoo, kama nao wanakwenda chuo. Baba mdogo akajibu kwa upole kwamba atatumia kwanza kilichobaki cha kiinua mgongo chake. Bibi alikuwa kimya muda wote. Mwisho akauliza chuo kiko wapi. Akaambiwa bado tunatafuta, labda hapa nchini, labda Nairobi, labda Kampala.

Bibi akasema, "Kampala baba yako alikwenda na bunduki. Wewe kama utakwenda na kalamu, nenda."

Kweli babu alikuwa mgambo, akachukuliwa kwenda vita vya Kagera, na tarehe 11 Aprili 1979 majeshi yetu yalipoiteka Kampala naye alikuwamo. Baada ya neno hilo hakuna aliyethubutu kupinga tena. Mimi nami nilinyamaza, lakini kimya changu hakikuwa cha heshima. Baba mdogo alikuwa ameniahidi kwamba riwaya ikiisha atanisaidia kuipeleka kwa mchapaji Mwanza, nakala 500. Fedha ya nakala hizo ndiyo ilikuwa inatembea mbele ya macho yangu kuelekea chuo kikuu. Nilimwonea wivu mzee wa miaka 52, na huo ndio ukweli.

Hata hivyo kazi ni kazi. Nikaanza kutafuta kwenye mtandao vyuo vinavyowapenda askari wastaafu. Yaliyotokea karibu yote yalikuwa ya Marekani. Huko kuna sheria tangu Juni 1944, aliyoitia saini Rais Roosevelt, ya kuwalipia masomo askari waliorudi vitani. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wote wa vyuo vya Marekani walikuwa ni askari hao. Mwaka 2008 wakatunga nyingine kwa ajili ya waliotumikia baada ya Septemba 11, 2001. Vyuo vinashindana kujitangaza: kwetu kuna ofisi ya askari, kwetu kuna mshauri wa askari, kwetu utumishi wako jeshini unahesabiwa kama masomo. Nikamchapia baba mdogo kurasa nne nikitegemea atafurahi.

Alizisoma zote. Akacheka. "Hii sheria ni ya waliopigania Marekani. Wazee wetu wa KAR walipigana mpaka Burma, wakarudi na medali na blanketi. Tutafute cha kwetu."

Akaniandikisha maswali matano ya kuviuliza vyuo, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa kabla ya doria. La kwanza, je, shahada yenu inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? La pili, kwa mwaka ni lazima mtu akae chuoni siku ngapi? La tatu, je, mnaye msimamizi anayejua elimu ya dini, si theolojia peke yake? Hapo nikamsimamisha nikamwuliza tofauti ni nini. Akasema theolojia inauliza Mungu ni nani. Elimu ya dini inauliza mtoto anafundishwaje habari za Mungu, na akishafundishwa anatoka akiwa mtu gani. La nne, je, ada inalipwa kwa mafungu? La tano, je, mtafiti anaruhusiwa kuuliza swali ambalo jibu lake linaweza kulitia aibu kanisa lake mwenyewe?

Halafu akanyamaza. Akatazama nje. Akasema, "La sita. Je, katika maktaba yenu ipo meza ambayo mtu anaweza kukaa akitazama mlango?"

Nikalichapa.

"Hilo lifute," akasema, akachukua bahasha yake akaondoka.

Sasa ngoja nikuambie kitu nilichokijua tangu utotoni bila kukifikiria. Baba mdogo hakai akiupa mlango kisogo. Kanisani hukaa benchi la mwisho, ukutani. Kwenye basi hutaka kiti cha nyuma kabisa, hata kama barabara ni mbovu na kiti hicho kinarusha watu. Usiku huamka akazunguka uwanja mzima na tochi aliyoizima. Tulipokuwa wadogo, tukilala kwake likizo, mama mdogo alikuwa akituambia, "Laleni, baba anaangalia mifugo." Tukalala. Mifugo yenyewe ilikuwa kuku sita.

Swali la sita sikulifuta. Sitajitetea. Nilitaka kuona itakuwaje, na hiyo ni tabia mbaya tuliyo nayo sisi tunaojiita waandishi.

Tulipitia vyuo vingi. Makumira, pale Usa River karibu na Arusha, cha Walutheri, chenye historia ndefu ya kufundisha wachungaji. Mtakatifu Augustino cha Mwanza, kilichozaliwa mwaka 1998 kutokana na chuo cha zamani cha Nyegezi, ambacho kwetu ndicho cha jirani kuliko vingine vya namna hiyo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Langata, Nairobi, ambacho Papa Yohane Paulo wa Pili alikizindua mwaka 1985. Makerere, cha tangu 1922, chenye idara inayofundisha dini pamoja na masomo ya amani; hiyo ilimfanya baba mdogo avue miwani na kuivaa tena. Na Chuo Kikuu Huria chenyewe, alikoanzia. Barua zilikwenda kwa vyuo kadhaa, vingine hapa Afrika Mashariki, vingine mbali zaidi. Ni vipi hasa vilivyojibu na vilijibu nini, majina nayahifadhi, maana barua za mtu ni siri yake.

Majibu yalikuja kidogo kidogo. Kimoja kilituma fomu bila salamu. Kingine kilijibu maswali matano vizuri, la sita kikalipita kama vile halikuwapo. Sikuwalaumu. Halafu, mwezi wa nne, ikaja barua ya mhadhiri mmoja wa chuo cha mbali. Maswali matano aliyajibu kwa mstari mmoja mmoja. La sita alilijibu hivi, nalikumbuka lote: meza ipo, ghorofa ya kwanza, upande wa kushoto, inatazama mlango na nyuma yake ni ukuta, aliyekuwa akiitumia zamani naye alikuwa askari, na sasa anafundisha hapa.

Nifanye nini? Ilibidi nimpe barua yake. Aliisoma amesimama. Akairudia. Akaniuliza bila kupandisha sauti, "Nani amemwambia huyu habari za meza?"

"Mimi, baba. Sikulifuta."

Heri angenifokea. Aliikunja barua mara nne, akaitia mfuko wa shati, akatoka bila kuaga. Siku tisa hakupiga simu wala hakupokea yangu. Nilijua nimeuza kitu ambacho hakikuwa changu.

Siku ya kumi akapiga. "Jumamosi panda gari uje Benaco. Mimi natokea Biharamulo. Tukutane njia panda."

Kwa asiyepajua, Benaco ni pale ambapo barabara ya kutoka Lusahunga na Nyakahura inagawanyika, mkono mmoja unakuja Ngara mjini, mwingine unakwenda Rusumo mpakani. Jina ni la kampuni iliyojenga barabara. Siku hizi ni mji wa malori, yanalala pale yakielekea Rwanda, Burundi na Kongo, na mama ntilie wanauza chakula mpaka usiku wa manane. Lakini mtu wa umri wa baba mdogo akitamka Benaco hasemi habari za malori. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia kwetu ndani ya saa 24 hivi, wakikimbia kutoka Rwanda. Wapo waliokimbia wakiwa hawana hatia, na wapo waliokuja na damu mikononi. Wote walipiga hema hapo, mpaka kambi ikawa mji mkubwa kuliko miji yetu yote ya Kagera. Na mto Kagera siku hizo ulikuwa unateremsha maiti.

Tulipanda kilima kidogo, tukakaa juu ya jiwe. Yeye alikaa akitazama barabara.

"Mwaka 1996 nilirudishwa huku," akaanza. "Nilikuwa praiveti wa miaka 24."

Sehemu ya historia hiyo inajulikana. Mwanzoni mwa Desemba 1996 Serikali yetu pamoja na UNHCR ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda wanatarajiwa kurudi kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi huo. Wengi waliogopa, wakaanza kutembea kuelekea mashariki, mbali na mpaka. Askari na polisi wakawekwa barabarani kuwageuza. Katika wiki chache karibu watu nusu milioni wakawa wamerudi kwa daraja lilelile.

"Mkubwa wangu alijua mimi ni Mhangaza," akaendelea. "Kihangaza na Kinyarwanda tunasikilizana. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo. Siku nzima nasema, geukeni, rudini, kwenu kuna amani. Mwanangu, sikumpiga mtu. Nilisema tu. Kutwa nzima, siku kumi na nne."

Akaeleza kwamba siku moja mvua ilikuwa inanyesha, akasimama mbele yake mzee mmoja, rozari shingoni, mgongoni amefunga kwa kamba kibao cha kuandikia cha watoto. Hakubisha kama wengine. Alimwuliza tu, "Kijana, wewe dini ulifundishwa na nani?"

"Nikamjibu, na katekista wa kwetu Rulenge. Akasema, mimi nilikuwa katekista. Watoto wangu wa kipaimara walikuwa arobaini. Nenda kawaulize walifanya nini. Halafu akageuka mwenyewe, akashika njia ya Rusumo."

Nikauliza, "Alikuwa na maana kwamba waliua, au waliuawa?"

"Ndilo hilo sikumwuliza. Miaka yote hii. Sijui kama alikuwa analia au anaungama. Sijui kama alikuwa anawasema watoto wake, au ananisema mimi."

Ng'ambo ya mto, si mbali na mpaka wetu, kuna Nyarubuye. Katikati ya Aprili 1994 watu walikimbilia kanisani pale wakidhani ni mahali pa usalama, wakauawa humo humo. Nchi yenyewe ilikuwa ya Wakristo kwa sehemu kubwa. Waliokimbilia ndani walijua Baba Yetu, na wengi wa waliowafuata nao walikuwa wamebatizwa. Baba mdogo anasema kila akiingia darasani kufundisha Biblia anahesabu vichwa. Wakifika arobaini, jasho linamtoka.

"Watu wanadhani nataka cheo," akasema. "Nataka kujua tunafundisha nini hasa tunaposema tunafundisha dini. Sisi, na masheikhe pia huko madrasa, na wachungaji. Mtoto anapata A ya mtihani wa taifa, halafu siku ya kushikiwa panga mlangoni, hiyo A inamwambia nini? Hilo swali nikiliuliza kilabuni nitaitwa mlevi. Nikiliuliza kanisani nitaombewa. Chuoni peke yake ndiko mtu anaweza kuliuliza miaka mitatu na akaambiwa endelea."

Nikamwomba radhi kwa habari ya meza. Akasema ile barua iko ndani ya Biblia yake. Chuo kile ni kizuri, lakini ada yake ni ng'ombe wote wa ukoo pamoja na wachungaji wao. "Sitakwenda. Ila nimejua kuna mtu duniani aliyesoma swali lile asicheke. Inatosha."

Alichagua Chuo Kikuu Huria. Sababu alizozitoa niliziandika siku hiyohiyo nisizisahau, kwa ajili ya yeyote mwenye mzee wake anayetafuta kama sisi. Kituo cha mkoa kipo Bukoba, anakwenda na kurudi bila kuhama. Uzamivu ni wa utafiti na tasnifu, hautaki kukaa bwenini na vijana wa miaka 25. Anaweza kuendelea kufundisha, na mshahara usipokatika ada nayo inalipika. Na zaidi ya yote, watu anaotaka kuwauliza hawako Dar es Salaam wala Nairobi. Ni makatekista wazee wa Rulenge, walimu wa dini wa Ngara na Biharamulo, watu waliofundisha vipindi vya dini ndani ya makambi. Wanazeeka na wanakufa. "Chuo kinachomfaa askari," akasema, "ni kile kisichomtaka ajifanye hakuwa askari. Cha huria hakinitoi hapa. Kitanilazimisha kukaa palepale niliposimama, safari hii nisikilize badala ya kusema."

Tulipokuwa tunateremka nikamwuliza lile lililokuwa linanichoma: je, naruhusiwa kuyaandika haya?

Alifikiri mpaka tukafika barabarani. "Andika. Jina langu usilitaje. Usinifanye shujaa. Na usinifanye mgonjwa."

Ndugu zangu mnaoandika, hayo masharti mawili ya mwisho ni magumu kuliko mtihani wowote niliofeli. Nilirudi nyumbani nikafungua kaunta buku, nikamsoma komandoo wangu. Alikuwa ameua watu kumi na tisa mpaka sura ya saba, na kila usiku analala fofofo. Sikuichana, karatasi ni ghali. Nimeanza upya kaunta buku ya tatu. Huyu wa sasa anaamka usiku. Bado sijajua anatafuta nini huko nje, na safari hii sina haraka ya kumjazia. Kwenda kwa mchapaji kumesogea mbele mpaka nitakapojikusanyia mwenyewe, shilingi kwa shilingi, kwa risala za mahafali za watu wengine.

Andiko lake la utafiti nimelichapa mara nne, na kila mara anakata maneno makubwa. Fomu amejaza, ametuma, jibu bado. Shangazi bado anauliza habari za malaika. Fundi seremala wa Biharamulo amemtengenezea meza ya mninga, na mama mdogo akahamisha kabati ili meza ipate ukuta nyuma yake.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea karatasi alizoniagiza. Nilipofika uwanjani nilifungua kinywa nipige hodi. Alikwisha niona.